Chama cha wauguzi si kichaka cha kujifichia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji wa Tabata aliyeandika hivi karibuni kwamba manesi wakipewa chama chao cha kitaifa tutakuwa tumewajengea kichaka cha kujifichia: watawajibu wagonjwa ovyo, na wakiguswa watagoma. Ameandika kwa hasira, na hasira yake naielewa, maana anasema mkewe alitukanwa akiwa kwenye uchungu. Kwa hilo sina utetezi wala sitautafuta.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nilianzia kituo cha afya cha halmashauri, baadaye nikahamia hospitali binafsi hapa jijini, na makazi yangu ni Mbagala. Nimekaa pande zote mbili za uzio, ya serikali na ya mtu binafsi, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona huku na kule.

Msomaji amechanganya vyombo vitatu, na wala si yeye peke yake. Hata sisi kwenye chumba cha chai tunavichanganya. Kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo lipo kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Hilo ndilo linalonipa leseni, na ndilo linaloweza kuninyang'anya. Baraza halikuwekwa kwa ajili yangu, limewekwa kwa ajili ya mgonjwa. Mkewe msomaji akipeleka malalamiko, huko ndiko yanakosikilizwa, na hakuna chama chochote nchini chenye uwezo wa kuliambia Baraza liache. Halafu kuna vyama vya taaluma, TANNA cha wauguzi na TAMA cha wakunga, ambavyo kazi yao ni kukuza ujuzi, kutukutanisha kwenye makongamano na kuisemea fani. Tarehe 5 Mei na 12 Mei mkituona barabarani na sare nyeupe na mishumaa, hao ndio waandaaji. Chombo cha tatu ni chama cha wafanyakazi. Hiki hakishughulikii ujuzi wangu wala leseni yangu, kinashughulikia ajira yangu: mshahara, saa, zamu, likizo, na siku nitakayoitwa kwenye kamati ya nidhamu.

Hiki cha tatu ndicho tunachokililia, kwa sababu tulicho nacho tumegawanywa humo kama karanga za kupima kwa kikopo. Chukua Temeke tu. Muuguzi wa hospitali ya rufaa ya mkoa mwajiri wake yuko chini ya Wizara ya Afya tangu hospitali hizo zilipotolewa TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, na kwa kawaida utamkuta TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Mwenzake wa zahanati mtaa wa pili mwajiri wake ni manispaa, na utamkuta TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Walisoma chuo kimoja, wana leseni ya Baraza moja, wanapeleka rufaa kwa gari moja la wagonjwa. Akihamishwa mmoja kwenda kwa mwenzake, chama kinabadilika pamoja na mwajiri. Na sisi wa hospitali binafsi wengi hatuna chochote kabisa. Ukilitaja neno tawi mbele ya mwenye hospitali unaulizwa kama umechoka kazi.

Sasa nieleze chama kinafanya nini, maana wengi wanadhani kazi yake ni fulana za Mei Mosi.

Miaka michache iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, binti mmoja mwenye stashahada, mgeni kabisa kazini, aliitwa kwenye kikao cha nidhamu. Alfajiri moja mtoto alizaliwa mfu mikononi mwake. Patografu ya yule mama, yaani chati ya kufuatilia uchungu na hali ya mtoto, haikuwa imejazwa tangu usiku wa manane. Barua ya kuitwa alipewa saa tisa alasiri, kikao kikiwa kesho yake saa tatu asubuhi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na zinamruhusu kuingia na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Chama hapakuwa, kwa hiyo niliingia mimi.

Swali lililorudiwa pale ndani lilikuwa moja tu: kwa nini hukujaza patografu? Binti alikuwa analia, hajibu. Mimi nilikuwa na picha ya ratiba ya zamu niliyoipiga kwa simu. Usiku ule leba ilipangiwa wakunga wawili. Mmoja alichukuliwa kwenda chumba cha upasuaji kumsaidia daktari, akabakia huyu binti na kina mama saba walio kwenye uchungu kamili. Wasomaji wasio wa fani niwaeleze: kila nusu saa mkunga anatakiwa asikilize mapigo ya moyo wa mtoto na kuhesabu uchungu wa mama. Uchungu unahesabiwa kwa dakika kumi, mkono ukiwa tumboni. Kina mama saba mara dakika kumi ni dakika sabini. Nusu saa ina dakika thelathini. Na hapo hujapima presha, hujampokea anayeingia mlangoni akisukuma, hujamfungia mtu dripu, hujaenda msalani.

Niliiweka hesabu hiyo mezani. Mwenyekiti akasema suala la idadi ya watumishi ni la utawala, halihusiani na shauri lililopo. Binti akapewa onyo la mwisho la maandishi. Hakukaa muda mrefu akaacha kazi. Sasa yuko kwenye duka la dawa muhimu huko Chanika, na serikali pamoja na wazazi wake waliokuwa wamemsomesha ukunga wamepoteza mkunga.

Mtu wa chama mwenye kanuni mkononi angekiahirisha kikao kile kwa sentensi moja. Halafu angerudi baada ya siku mbili na daftari la mapokezi, ratiba ya zamu ya mwezi mzima, na barua zote ambazo msimamizi wa wodi aliwahi kuuandikia utawala akiomba mtu wa tatu wa usiku. Asingefanya hivyo ili binti asiulizwe. Aulizwe, na aulizwe vizuri, lakini na yule aliyepanga mtu mmoja kwa kina mama saba naye awe na la kujibu. Sasa nauliza: hapo aliyetetewa ni nesi au ni yule mama mwingine atakayekuja leba wiki inayofuata? Mimi sioni mpaka kati ya hayo mawili.

Kwa upande wa fedha nitasema kwa ufupi, isije ikaonekana ndilo linalotuwasha peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Tuseme muuguzi wa binafsi analipwa shilingi 600,000 kwa wiki za saa 45. Saa yake moja ni kama shilingi 3,077. Asilimia tano yake ni shilingi 154. Usiku mzima wa saa kumi ni shilingi 1,540, na akiingia usiku mara nane kwa mwezi ni kama 12,300. Huwezi kununulia kiwanja Chamazi, lakini ni nauli. Nimewauliza wenzangu wengi wa hospitali binafsi kama wamewahi kuiona hela hiyo kwenye hati ya mshahara. Wengi hawakujua hata kama ipo. Sheria hiyohiyo inakataza kumpangia mjamzito zamu ya usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Mimi nimewaona wakunga wenye tumbo la kushuka wakiwazalisha wenzao saa nane za usiku, na mzaha wetu ni kwamba angalau hawatahitaji bajaji.

Haki iliyolala kitabuni haiamki yenyewe. Ukienda peke yako ofisini kuidai, umekuwa mkorofi. Wakienda mia moja na karatasi iliyosainiwa, yanaitwa majadiliano. Karatasi hiyo ina jina, mkataba wa hali bora kazini, na ndiyo inayolengwa kila penye chama kinachotambuliwa. Ndani yake mnaweza kukubaliana idadi ya wakunga kwa zamu, usafiri wa wanaotoka usiku, chanjo ya homa ya ini kwa kila anayeshika sindano, na nani anayelipa ukichomwa na sindano ya mgonjwa. Hayo ndiyo niyatakayo, na hakuna hata moja ambalo msomaji wa Tabata angelikataa kama angekuwa mgonjwa.

Nije kwenye mgomo. Sheria imeziweka huduma za afya na maabara zake kwenye kundi la huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, zimamoto na uongozaji wa ndege. Sisi hatuwezi kugoma kama wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Mlango uliopo ni mwembamba: pawe na mkataba wa pamoja unaotaja huduma za chini zitakazoendelea wakati wa mgomo, na Kamati ya Huduma Muhimu iwe imeuidhinisha. Pasipo hivyo, mgogoro unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi tunakumbuka mgomo wa madaktari wa mwaka 2012, jinsi wagonjwa walivyorudishwa na jinsi kiongozi wao, Dk Steven Ulimboka, alivyotekwa na kukutwa Mabwepande akiwa ameumizwa vibaya. Hakuna muuguzi mwenye akili timamu anayeitamani miezi ile irudi. Jirani zetu Kenya wana chama chao cha kitaifa, KNUN, na mwaka 2017 wauguzi wa huko waligoma karibu miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba. Mdogo wake mama yangu anaishi Likoni. Alivyonisimulia kuhusu wajawazito wa mtaani kwake mwaka ule, sitaki kuyaona Mbagala. Ila nikumbushe kitu ambacho watu hukiruka: mgomo ule ulitokana na makubaliano yaliyocheleweshwa mno kusainiwa. Chama kilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kujibu upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo anayesema tunataka chama ili tugome, amelisoma jambo kinyume. Asiye na mgomo ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumsemea, kwa kuwa hana silaha nyingine.

Sasa niwageukie wenzangu wa fani, maana wengine mmeshaanza kupiga makofi mapema.

Kuna hesabu moja ngumu. Sheria inampa haki ya kujadiliana na mwajiri yule chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi. Kuandikisha chama kipya ni rahisi. Watu ishirini wanatosha kukianzisha. Lakini tukitoka kwa fujo kwenye vyama tulivyomo, tukaunda chetu, tukaingia hospitali ambayo mafamasia, watu wa maabara, wahudumu, madereva na wahasibu wamebaki kule, tunaweza kujikuta tuna bendera nzuri na wimbo wetu, na mwajiri akatuambia kwa adabu kwamba anazungumza na wenye wengi. Zaidi ya hapo, wenye wengi wakiwa na makubaliano ya ada ya uwakala, yaani makato ya wasio wanachama kwenda kwa chama kinachojadiliana, tutakatwa huku na kule. Walimu walifaidika na wingi wao: CWT ya mwaka 1993 iliingia mahali ambapo shuleni karibu kila mtu ni mwalimu. Hospitali si shule. Wauguzi ndio kada kubwa kuliko zote, lakini hatuko peke yetu.

Uingereza wana mtindo ambao ningependa TANNA wautazame kwa makini. Chuo chao cha kifalme cha uuguzi, RCN, kilichoanzishwa mwaka 1916, ni chama cha taaluma na papo hapo ni chama cha wafanyakazi. Anayekufundisha kufunga kidonda ndiye anayekaa na mwajiri. Kilikaa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuitisha mgomo wake mkubwa kuliko yote hadi wakati huo, Desemba 2022, na hata siku hizo wodi za wagonjwa mahututi hazikuachwa. Sisemi tunakili, sheria zao si zetu na mishahara yao si yetu. Nasema uzoefu wa taaluma na nguvu ya majadiliano vinaweza kukaa nyumba moja.

Marehemu baba yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, na alikuwa na kadi ya JUWATA. Enzi zile chama cha wafanyakazi kilikuwa jumuiya ya chama tawala, na kabla yake NUTA ya mwaka 1964 ilikuwa hivyohivyo. Mzee alikuwa akieleza kwamba Kawawa alianzia huko, kwenye shirikisho la TFL la wakati wa mkoloni, na alipofika Uwaziri Mkuu wafanyakazi walidhani wameshika dola. Sitaki kuingia sana huko, nisije nikachokoza wazee. Ila urithi mmoja umebaki: bado tunasubiri Mei Mosi tuambiwe. Mwaka 2025 Rais alitangaza pale Singida nyongeza ya asilimia 35.1, kima cha chini cha mtumishi wa umma kitoke shilingi 370,000 kifike 500,000 kuanzia Julai. Kijana mmoja wa wodini kwetu alirukaruka mbele ya televisheni ya mapokezi hadi nikamwonea huruma. Alikuwa hajaelewa kwamba asilimia ile ilihusu kima cha chini, tena cha serikali, na yeye ni muuguzi wa stashahada kwenye hospitali ya mtu. Nyongeza ni jambo jema, nashukuru kwa niaba ya walioipata. Lakini muuguzi anayejua mshahara wake unavyojadiliwa hasubiri jukwaa wala gwaride.

Taifa letu limejivunia kushusha vifo vya kina mama kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za 2015/16 hadi 104 katika zile za 2022, na Februari 2025 Rais akapewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Nilifurahi sana, maana najua kina nani walikesha. Ningefurahi zaidi kama kwenye timu inayokaa na serikali kujadili maslahi ya sekta ya afya angekuwemo mkunga wa zahanati ambaye bado anaingia zamu, si aliyestaafu zamu akahamia ofisini.

Ninayoyaomba ni haya. TUGHE na TALGWU waanzishe dawati la wauguzi na wakunga, lenye wajumbe waliochaguliwa na wauguzi na wakunga wenyewe, na dawati hilo likae pamoja kwa vyama vyote viwili, ili anayehamishwa kutoka zahanati kwenda rufaa asianze upya kujieleza. Waje na huku kwenye hospitali binafsi. Sheria inaruhusu mwakilishi hata mahali penye wanachama wasiofika kumi, kwa hiyo kisingizio cha uchache hakipo. TANNA na TAMA wawape dawati hilo viwango vya kitaalamu: wakunga wangapi kwa kina mama wangapi, ili mjadili asiingie mikono mitupu. Wakishindwa kufanya hivyo, chama kipya kitakuja chenyewe na mimi nitakuwa miongoni mwa wale ishirini, pamoja na hesabu yangu yote ya hapo juu.

Na kabla ya lolote, makato. Asilimia inayotoka kwenye mshahara wa muuguzi ni jasho la usiku. Anayejaza fomu ya TUF 6 kukubali kukatwa ana haki ya kuona mapato na matumizi ya tawi lake yamebandikwa kwenye ubao, jirani na ratiba ya zamu, kila robo mwaka, na mkataba wa hali bora upatikane kwa Kiswahili mahali ambapo mtu anaweza kuusoma akinywa chai. Wauguzi wengi ninaowajua waliojaza TUF 15 kujitoa hawakuuchukia umoja. Waliuliza swali kuhusu fedha, wakajibiwa kwa fulana na kofia. Mwaka huu fulana zipunguzwe, hela hiyo iwalipe mafunzo wawakilishi wa matawi wajue kusoma ratiba ya zamu na kanuni za nidhamu. Tukianza na wa hospitali za Temeke na Kigamboni ningejitolea kuwafundisha sehemu ya patografu bila posho, ilimradi isiwe siku ninayotoka usiku.

Mkunga wa Mbagala
(jina na anwani vimehifadhiwa na mhariri)
Dar es Salaam